UZI: Kucheza mchezo wa wahusika peke yako, kwa dadu za ludo, karata na kete za bao

MwanaWete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wadau. Uzi huu mrefu, mwenye kahawa yake aisogeze karibu.

Tulikuwa wanne. Kila Alkhamisi baada ya isha tukikutana nyumbani kwa mwenzetu mmoja hapa Wete, Pemba, tunacheza Dungeons & Dragons kwa kitabu kimoja cha kutoa kopi, kurasa nyengine zimetoka upande hazisomeki. Mmoja akapata kazi Muscat. Wa pili akaoa, na hapo sina la kuongeza. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, akahamia Dar. Nikabaki mie, kitabu, na dadu moja ya pande 20. Nayo ikaniponyoka kibarazani ikaingia mtaroni, siku ya mvua ya masika. Niliiona kwa macho yangu ikienda zake pwani.

Mwaka na zaidi sasa nacheza peke yangu. Naandika nilipokosea na nilipopata, nyinyi mnikosoe.

Kwa asiyeujua: huu ni mchezo wa hadithi inayosimuliwa mezani. Kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anaueleza ulimwengu na kuwachezea maadui, na pale pasipo na uhakika inapigwa dadu. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Na msidhani kucheza peke yako ni ukiwa wa siku hizi za simu. Mwaka 1975 tu, Gygax huyohuyo alishachapisha majedwali ya kuingia mapangoni bila msimamizi: unapiga dadu kujua njia inakata wapi, mlango uko upande gani, chumbani mna nini.

Kosa langu la kwanza. Nilidhani nilichokosa ni mtu wa kunipigia dadu za maadui. Hiyo kazi ndogo, hata mtoto ataifanya. Nilichokosa ni mtu wa kunikatalia. Ukiwa peke yako, mlango unaoutaka ufunguke unafunguka, mlinzi unayemtaka asinzie anasinzia. Wiki ya pili nimechoka kabisa. Ni sawa na kujitegea kitendawili mwenyewe: unasema "Kitendawili!", unaitikia "Tega!", na jibu unalo mfukoni tangu asubuhi.

Kwa hiyo kanuni za kwanza za kubadilisha si za vita wala za uchawi. Ni za nani ana haki ya kusema hapana.

Mie nimefanya hivi, kwa dadu za ludo. Nina swali la ndiyo au hapana, naliandika kwanza daftarini. Napiga dadu moja: 4, 5, 6 ni ndiyo, 1, 2, 3 ni hapana. Jambo likiwa la kuelekea kutokea, napiga mbili nachukua kubwa, hapo ndiyo inakuja mara tatu katika nne. Likiwa zito, napiga mbili nachukua ndogo, ndiyo inabaki mara moja katika nne. Hakuna hesabu nyengine.

Utamu uko kwenye namba zenyewe. 6 ni ndiyo na zaidi ya ulilouliza. 1 ni hapana na balaa juu yake. 4 ni "ndiyo, lakini". 3 ni "hapana, lakini". Hizo mbili za katikati ndizo zinazobeba hadithi. Ndiyo kavu na hapana kavu zinakuacha ulipokuwa.

Na sheria mbili nimejiwekea baada ya kujidanganya mara nyingi. Swali haliulizwi mara mbili. Na siulizi ninachokijua: kama mlinzi wa ngome lazima awe na silaha, ana silaha, yamekwisha. Nauliza pale tu ambapo majibu yote mawili yatanipeleka mahali. Mwanzoni nikiuliza kila kitu, kuna mvua? kuna paka? mlango mwekundu? Nusu saa imepita na mhusika wangu bado yuko kizingitini.

Kinachonishinda ni vita. Mhusika mmoja dhidi ya vibwengo wanne, anakufa kila siku. Mwenye dawa?

Shupaza7

Waalaykum salaam yakhe. Umenikumbusha mbali. Kabla ya vita, nikuulize: hicho kitu unachokiuliza maswali unakiitaje? Mie nilikuwa naweka karata, nauliza, naandika jibu, nauliza tena. Bibi yangu akanitazama kwa mlangoni kimya, kisha akaenda kumwambia mama kuwa mtoto huyu sasa anapiga ramli. Siku tatu nasomewa.

MwanaWete

Hahaha. Mie naliita Mjibu. Neno ramli halitajwi kwetu nyumbani, na karata nazicheza mlango wazi ili ionekane ni mchezo.

BintiMkunazini

Kaka MwanaWete, vita mbona imeshapatiwa dawa zamani. Tatizo si mhusika wako dhaifu. Kanuni zile zimepimwa kwa kundi la watu wanne watano: wao wanne, maadui wanne, kila upande unapiga mara nne. Ukibaki peke yako wewe unapiga mara moja, wao bado mara nne.

Tufanye hesabu. Una nukta 10 za uhai. Vibwengo wanne, kila mmoja anakupata nusu ya mapigo yake, na kila pigo ni dadu ya pande sita, wastani 3.5. Zidisha: nukta 7 kila mzunguko. Mzunguko wa pili umelala.

Sasa, Kevin Crawford katika kitabu chake cha kanuni, Scarlet Heroes, cha mwaka 2014, alifanya jambo dogo sana. Hakugusa mhusika wala adui, amebadilisha namna ya kuisoma dadu ya madhara. Ikitoka 1, hakuna madhara. 2 mpaka 5, nukta moja. 6 mpaka 9, nukta mbili. 10 na kuendelea, nukta nne. Basi. Rudia hesabu ile: dadu ya pande sita sasa ina wastani wa nukta moja, vibwengo wanakutoa nukta 2 kwa mzunguko, unasimama mizunguko mitano badala ya miwili.

Na wewe ukipiga, nukta zako hazitoi uhai wa adui, zinatoa dadu zake za uhai, yaani kile kipimo cha nguvu za adui kitabuni, nzima nzima. Kibwengo ana dadu moja tu, kwa hiyo nukta moja imemuua, na iliyobaki inamhamia mwenzake aliye karibu. Kuna na dadu ya ziada unayopiga bure kila mzunguko, ila hiyo haimgusi adui mwenye dadu za uhai nyingi kuliko kiwango chako. Maana yake wadogo unawafyeka, mkubwa wao lazima umkabili.

Uzuri wake kitabu chako cha kopi unakitumia vilevile. Hubadilishi karatasi ya mhusika hata mstari mmoja.

MwanaWete

Dada yangu, Mungu akuweke. Nimejaribu sasa hivi na dadu nilizonazo. Vibwengo wanne, mizunguko mitatu, nimetoka na nukta 4. Kwa mara ya kwanza nimetoka nikiwa na hofu, lakini hai.

Kibarua_wa_Konde

Samahani kuuliza, mie mgeni wa mambo haya. Sasa ikiwa upo peke yako, na unaandika daftarini, si bora uandike riwaya tu?

MwanaWete

Riwaya najua nani atakufa. Hapa sijui.

BintiMkunazini

Na riwaya lazima iwe nzuri, kaka. Daftari langu la mchezo likisomwa na mtu nitahama mji. Nusu yake ni "kaingia. kaona. kakimbia. nukta 3."

Shupaza7

Narudi kwenye Mjibu. Hiyo ya dadu za ludo nzuri, lakini ina kasoro: inajibu ulichouliza tu. Msimamizi wa kweli hangoji kuulizwa. Unaenda zako sokoni, mara anakwambia mtu kakushika bega.

Kuna kanuni za Tana Pigeon, zinaitwa Mythic, zilitoka mara ya kwanza mwaka 2003. Zina kitu naweza kukiita namba ya vurugu, kutoka 1 mpaka 9, unaanza na 5. Kila onyesho, yaani kipande kimoja cha hadithi, likiisha unajiuliza: mambo yamenitoka mkononi? Ongeza moja. Nimeyadhibiti? Punguza moja. Kabla ya onyesho linalofuata unasema unachotarajia, halafu unapiga dadu ya pande kumi. Ikitoka namba sawa na ile ya vurugu au chini yake, onyesho si ulilotarajia. Witiri, limebadilika kidogo. Shufwa, limekatizwa na jambo jengine kabisa.

Dadu ya pande kumi sina, nani anayo? Nimetoa mfalme, malkia na ghulamu wote kwenye karata, zimebaki 40, ree mpaka kumi. Nachukua moja. Kazi ileile.

BintiMkunazini

Si ileile, sheikh. Dadu haikumbuki ilichotoa jana. Karata usizozirudisha zinakumbuka. Katika 40 zako, za 5 na kushuka ni 20 kamili. Ukishatoa ndogo sita mfululizo, zilizobaki nyingi ni kubwa, na wewe unajua. Unaanza kuthubutu kwa sababu unajua balaa limekwisha mezani.

Shupaza7

Na mie ndicho ninachokipenda hicho! Bahari inachafuka, kisha inatulia. Baada ya mikosi sita mtu anastahiki kupumua.

BintiMkunazini

Anastahiki, ndiyo. Lakini asijue lini. Mie narudisha na kuchanganya kila mara.

Shupaza7

Tukubaliane kutokukubaliana. Naona tumekaa kama wacheza wahedi wa sitini, kila mtu na sheria ya mtaani kwao.

Ukhti_Chake

Mie nataka kujaribu ila kwetu dadu haiingii ndani, mzee wangu hataki kabisa, na siwezi kumvunjia heshima. Kuna njia?

MwanaWete

Ipo ukhti, na hukumu ya dadu tuwaachie masheikh. Chukua komwe sita, ziandike 1 mpaka 6 kwa wino usiofutika, tia kwenye mfuko wa kitambaa. Unatia mkono, unatoa moja, unairudisha. Ukitaka kutumia ile ya mbili-chukua-kubwa, toa moja, irudishe, toa tena. Lakini muulize mzee kwanza na hiyo, usije ukasema nilikufundisha mie.

MzeeKete

Vijana, salaam. Mie sichezi haya yenu, nacheza bao miaka mingi. Mjukuu wangu ndiye kanionesha uzi huu. Nasema mawili tu.

La kwanza. Bao pia watu hulicheza peke yao, kujifunza. Unacheza kusini, unageuka unacheza kaskazini. Na kila siku upande mmoja unashinda, ule unaoupenda. Hudanganyi, mkono wenyewe unakwenda. Kwa hiyo aliyesema kinachotakiwa ni wa kukukatalia, kasema kweli.

La pili. Katika bao la kiswahili kete ni 64, kila mtu 32. Kumi zinawekwa baoni, 22 zinabaki mkononi. Unanamua, yaani unazitia baoni, moja moja mpaka mkono uishe. Ndipo unaingia mtaji, na kwenye mtaji haingii kete mpya: unacheza na zilizomo. Sasa nyinyi hadithi zenu zinaisha lini? Nimesoma uzi wote sijaona mtu kasema hadithi yake imeisha.

MwanaWete

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenigusa pabovu. Nina madaftari matatu na hakuna hata hadithi moja iliyokwisha. Kila nikikaribia mwisho naongeza kijiji, naongeza adui, naongeza mjomba aliyepotea.

MzeeKete

Marahaba. Basi chukua kete 22. Kila onyesho namua moja, itoke mkononi ikae mezani. Dadu yako ikitoka 1, namua mbili. Mkono ukiisha umeingia mtaji: marufuku mtu mpya, marufuku mahali papya. Maliza kwa waliomo.

BintiMkunazini

Babu, hii hata waliotunga michezo hii hawajanifikishia kwa uwazi namna hii. Naiba.

Shupaza7

Mwaka 2018 Shawn Tomkin alitoa mchezo wa Ironsworn, na kitabu chake cha kompyuta kinapatikana bure. Umetengenezwa tangu mwanzo uchezwe hata bila msimamizi: dadu moja ya pande sita pamoja na uwezo wako, dhidi ya dadu mbili za pande kumi. Ukizishinda zote mbili umefaulu, moja umefaulu kwa gharama, usiposhinda hata moja umeumia. Mle kila safari inaanza kwa kiapo na ina visanduku vya kujaza mpaka kiapo kitimie, kwa hiyo mwisho unauona unakuja. Lakini ya kete nzuri zaidi, maana visanduku unavijaza ukifanikiwa. Kete inatoka hata ukikosa.

MwanaWete

Wadau, narudi baada ya siku tisa. Kwanza samahani kwa kimya, umeme na vocha.

Nimeanza hadithi mpya kwa kete 22 nilizoazima kwa wazee wa baraza ya kwetu. Nimeiweka Pujini, ile ngome iliyo kusini mashariki ya Chake, ya Mkame Ndume. Wengi wenu mmesimuliwa skuli: mtawala mkali wa karne ya 15, aliyewafanya watu wake wabebe mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio. Mapango ya Kizungu na majoka yao nimeyachoka. Shimo la kutisha tunalo wenyewe.

Mhusika wangu ni Mize, binti wa mwashi. Kaka yake kachukuliwa kubeba mawe, hajarudi. Mize anaingia ngomeni usiku kumtafuta.

Nawaandikia onyesho la kumi na nne kama lilivyo daftarini, maana ndilo lililonifanya nisimame niende nje kupunga upepo.

Mnakijua kisima cha pale. Husimuliwa kuwa Mkame Ndume alikuwa na wake wawili wasiotaka hata kuonana, basi kisima kikatiwa ukuta katikati. Mmoja akishuka ngazi kuteka, mwengine akiteka juu kwa ndoo na kamba. Mize kafika upande wa kamba, ana kiu, ana nukta 5. Nikaandika: *Je, yuko mtu kisimani?* Usiku wa manane, jambo zito, kwa hiyo dadu mbili nachukua ndogo. Zikatoka 3 na 5. Ndogo ni 3. Hapana, lakini.

Hapana, hakuna mtu. Lakini nini? Nikakaa na kalamu. Lakini kamba imelowa. Imelowa, na bado inabembea.

Wallahi niliogopa kitu nilichokiandika mwenyewe. Nikatoa karata ya tukio, katika zile kamili. Kwangu kopa ni mapenzi na jamaa, uru ni mali, pau ni safari, shupaza ni uadui. Ikatoka malkia wa shupaza. Mwanamke, mkubwa, adui. Na ukuta upo katikati, haonekani. Basi sauti ikatoka upande wa pili, chini kwenye ngazi: "Wewe uliyeko juu, mwambie bwana wako maji yameanza kunuka mtu."

Sikupanga. Sikuwa na mke mkubwa katika hadithi, wala maiti kisimani. Mjibu alinikatalia mtu, akanipa kamba, na kamba ikaleta yote.

Ukhti_Chake

Kaka, mie nimesoma hii saa tano za usiku na kisima cha kwetu kiko nyuma ya jiko. Ahsante sana.

BintiMkunazini

Na kaka yake? Ndiye aliyemo majini?

MwanaWete

Ndilo swali nililolikimbia maonyesho manne. Nilikuwa nazunguka zunguka, mara ghala, mara lango, nisiulize. Kete ndizo zilizonisukuma. Zilipoisha 22, nikaingia mtaji. Hakuna tena mlango mpya wa kukimbilia, waliobaki ni Mize, mke mkubwa, mlinzi mmoja mwenye chongo na kisima. Nikaandika swali. Nikasema ni la kuelekea kutokea, maana nisingejidanganya. Dadu mbili, kubwa: 4.

Shupaza7

Ndiyo, lakini.

MwanaWete

Ndiyo, lakini. Ni yeye. Lakini hakutupwa. Alijishusha mwenyewe kwa kamba, kaona mlinzi anakuja, akashindwa kupanda. Mkono wake bado umeshika fundo la kishipi ambalo baba yao aliwafundisha wote wawili. Mize kalijua fundo kabla ya kumjua mtu. Na mke mkubwa alikuwa akimsikia usiku mzima, hakuita mtu kwa sababu upande ule ni wa mke mdogo.

Hadithi imeisha maonyesho mawili baadaye. Mize katoka akiwa hai, na chongo kafa, kwa jedwali la BintiMkunazini. Daftari moja limefungwa.

BintiMkunazini

Nasubiri picha ya jedwali lako la karata, usisahau. Na mie nitakiandika kile kipande cha mtaji nikiweke pamoja na kanuni zangu.

MwanaWete

Kesho inshaallah nikipata vocha. Sasa hivi nina hesabu nyengine: wazee wa baraza washaniulizia kete zao mara mbili, nikawaambia zinafanya kazi.

MzeeKete

Rudisha leo mwanangu. Kete 42 hazichezi bao.